Vidole Vyangu Hufa Ganzi Mvuani Alfajiri, na Breki Sizihisi Tena

BARUA

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mchuuzi wa samaki mwenye umri wa miaka 34, na ninaishi Ilemela, hapa Mwanza, pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Kila siku isipokuwa Jumapili huamka saa tisa na nusu usiku, nikapanda baiskeli yangu ya Phoenix na kuelekea mwalo wa Igombe kuwapokea wavuvi wanaorudi na sato na sangara. Nikishanunua, huwapanga samaki kwenye tenga juu ya kariya, nikawafunika kwa barafu iliyopondwa na kipande cha turubai, kisha nikarudi mjini hadi Kirumba, ambako akina mama wenye migahawa hunisubiri kabla hawajawasha majiko yao.

Miezi ya kiangazi kazi hii hainisumbui. Shida huanza na mvua za vuli, na huzidi masika inapoingia, mwezi Machi na Aprili, kwa sababu mvua ya huku ziwani hupenda kunyesha usiku na alfajiri, saa zile zile ninapokuwa barabarani. Ninapoondoka mwaloni mikono huwa imekwisha kulowa kwa kushika samaki na barafu. Kabla sijafika usawa wa uwanja wa ndege vidole vyote huwa vimepoa, vimekakamaa na kufa ganzi, na nikifika Kirumba siwezi hata kuhesabu chenji. Humwomba mteja ajitolee mwenyewe noti kutoka mfukoni mwangu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikiteremka mlima mvua ikinyesha, mbuzi akakatiza barabara. Nilikamata breki. Niliona kwa macho yangu kwamba vidole viko juu ya breki, lakini sikuvihisi na havikuwa na nguvu, na baiskeli ikaendelea kwenda. Niliingia mtaroni pamoja na tenga zima. Namshukuru Mungu nilichubuka goti tu, ila samaki wa siku hiyo waliharibika, na tangu hapo mke wangu halali tena nikishatoka nyumbani.

Nimejaribu glavu za pamba wanazovaa mafundi ujenzi, zikalowa kabla ya mimi kulowa. Nimejaribu glavu nyembamba za mpira za hospitalini, mikono ikatoka humo imekunjamana na kuwa myeupe kama iliyochemshwa, na bado ilikuwa ya baridi. Zamani tulikuwa tunavaa mifuko ya rambo mikononi, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019 na sitaki kugombana na sheria. Wenzangu mwaloni wananishauri ninywe kidogo kabla ya kuondoka ili damu ichemke. Pia kuna jambo ambalo sijui kama linahusika: kidole kidogo na kinachokifuata, vya mkono wa kulia, siku hizi huwa na ganzi hata mchana nikiwa nimepumzika.

La mwisho ni la mdogo wangu wa kike. Amepata nafasi ya masomo katika mji wa Oulu, nchini Finland, na ataondoka mwezi Agosti. Ameambiwa kwamba huko wanafunzi huendesha baiskeli mwaka mzima, hata kwenye theluji. Kama mimi hapa Mwanza mikono inanifa, yeye atawezaje? Naomba unisaidie kwa wote wawili.

Mchuuzi, Ilemela

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sehemu ya mbuzi nimeirudia mara ya tatu, kwa sababu hapo ndipo swali lako linapoacha kuwa la starehe na kuwa la uhai. Nitakujibu kwa urefu. Nilikuwa bwana shamba wilayani Magu kwa miaka mingi, na baiskeli ndiyo ilikuwa ofisi yangu; baadaye nikapelekwa masomoni Wageningen, Uholanzi, ambako nilipita majira mawili ya baridi juu ya baiskeli nikienda darasani. Kote kuwili mikono yangu imewahi kupoa hadi nikashindwa kufungua kifungo cha shati.

Naomba uanze na breki, kabla hujanunua glavu ya aina yoyote. Ringi za baiskeli yako ni za chuma chenye kromu, na chuma cha namna hiyo kikilowa hakishikwi na raba za breki kama kinavyoshikwa kikiwa kikavu. Mizunguko ya kwanza ya gurudumu huishia kufuta maji, na ndipo breki huanza kushika kidogo kidogo. Kwa hiyo siku ile hata mtu mwenye vidole vizima angechelewa kusimama. Mvua ikinyesha, jizoeshe kugusa breki kwa wepesi kila baada ya muda mfupi, na hasa kabla ya mteremko kuanza, ili raba zifute ringi mapema. Mpelekee fundi baiskeli abadilishe raba zilizokwisha na kukaza zile fito za breki ili zishike mara tu unapoanza kuvuta, kwa kuwa vidole vilivyopoa huwa na nguvu ndogo zaidi vinapolazimika kuvuta hadi mwisho. Kisha jipime ukiwa njiani: gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole kidogo cha mkono ule ule. Ukishindwa, au ukifanikiwa kwa kutumia macho tu bila kuhisi mguso, shuka na usukume baiskeli mpaka mikono irudi. Dakika kumi za kuchelewa mama wa mgahawa atakusamehe.

Sasa tuje kwenye chanzo, maana umekuwa ukipigana na baridi ilhali baridi ya Mwanza peke yake haiwezi kukufanya hivyo. Joto la alfajiri hapa kwetu mara chache hushuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, na mtu mwenye mikono mikavu huendesha baiskeli katika hali hiyo bila glavu na asipate ganzi. Kinachokuumiza ni maji. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa iliyotulia, na yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto jingi kuliko watu wanavyodhani: gramu moja tu ya maji ikigeuka mvuke kwenye kiganja huchukua takriban kalori 580, ambazo ni zaidi ya mara saba ya joto linalohitajika kuichemsha gramu hiyo hiyo kutoka kwenye mtungi. Upepo wa mwendo wako huharakisha ukaukaji huo, mvua huongeza maji mengine, na upepo huyakausha tena. Mikono yako inafanya kazi ileile inayofanywa na mtungi wa udongo unapopoza maji ya kunywa.

Hapo bado sijataja barafu, ambayo ina joto la nyuzi sifuri na ambayo unaishika kwa viganja vitupu kabla ya kuondoka. Kwa hiyo unaanza safari mikono ikiwa imekwisha kupoa. Hili ndilo kosa ninalotaka uliondoe kuliko mengine yote, kwa sababu glavu haina moto wake yenyewe; hutunza joto inalolikuta. Ukiivalisha mkono uliopoa na kulowa, itatunza ubaridi na maji.

Fanya hivi ukiwa mwaloni. Kazi ya samaki na barafu ifanye kwa glavu nzito za mpira, zile ndefu zinazokaribia kiwiko, za aina inayovaliwa na wafanyakazi wa viwanda vya samaki, na ndani yake uvae glavu nyembamba za kufumwa. Zitakukinga pia na miiba ya sangara, jambo lenye uzito wake, kwa kuwa ngozi iliyoloweshwa muda mrefu hulainika, huchomeka kwa urahisi na kuingiza uchafu. Mzigo ukishafungwa, vua glavu hizo na uzitundike nje ya tenga. Osha mikono kwa maji ya vuguvugu, ambayo mama lishe yeyote pale hatakunyima, lakini yapime kwa kiwiko kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga, kwa sababu kiganja kilichokufa ganzi hakijui moto na unaweza kujiunguza usijue. Jikaushe kabisa, hata katikati ya vidole, kwa taulo dogo lililotunzwa pakavu. Kisha keti unywe uji wa moto ukiwa umeshika kikombe kwa viganja vyote viwili, na usipande baiskeli mpaka vidole viwe na joto la kawaida. Najua unawahi wateja, na najua dakika hizo utaziona nyingi, lakini hakuna kifaa kitakachofidia ukiziruka.

Nimekutajia uji kwa makusudi. Mwili unapohisi kifua kinapoa, hubana mishipa ya damu ya vidoleni ili joto libaki kwenye moyo na viungo vya ndani, na hapo hata glavu ya bei kubwa haisaidii, kwa kuwa damu ya moto haifiki. Misuli inayokunja vidole, kwa sehemu kubwa, iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu. Kigasha kikipoa, vidole hulegea hata kama vyenyewe vimefunikwa. Kwa hiyo vaa sweta la mikono mirefu chini ya koti la mvua, vaa kofia, na usitoke nyumbani na tumbo tupu. Nilipokuwa Wageningen nilipoteza wiki nyingi nikitafuta glavu nene zaidi na zaidi, mpaka mwenzangu mmoja wa darasani, mtu wa pale pale, alipogusa mkono wa koti langu na kuniambia kwamba vigasha vyangu viko uchi. Nilishona vipande vya soksi za sufi kuanzia kiwiko hadi kiganja, na siku ya pili yake nikaandika maelezo ya mwalimu tangu kipindi cha kwanza bila kusubiri vidole viyeyuke.

Kuhusu glavu za barabarani, tafuta sufi. Pamba hunywa maji na kuyashika karibu na ngozi, ndiyo maana zile za ujenzi zilikusaliti. Sufi nayo hulowa, lakini nyuzi zake hubaki zimetutumka na kushika hewa, na hivyo huendelea kutunza joto kwa kiasi kizuri hata ikiwa na unyevu. Nguo za baridi za Ulaya hufika hapa kwetu ndani ya marobota ya mitumba, na pale Mlango Mmoja huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu wanaozihitaji ni wachache. Kama lebo imefutika, chomoa uzi mmoja na uuchome kwa kiberiti: sufi hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, nyuzi za plastiki huyeyuka na kuwa kidonge kigumu, na pamba huwaka haraka kama karatasi. Nunua jozi mbili. Moja uivae, nyingine uiweke ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko, ndani ya koti, na uibadilishe katikati ya safari mvua ikiwa kubwa. Zisibane, glavu inayobana hukamua damu kutoka vidoleni, na mtu hudhani ni baridi.

Juu ya sufi unaweza kuvaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, za saizi kubwa kuliko mkono wako, lakini kwa vipande vifupi vya mvua kubwa tu. Mpira hauruhusu jasho kutoka, na ndani ya nusu saa ya kupanda mlima utakuwa umelowa kwa maji yako mwenyewe, kama ulivyoona kwenye zile za hospitalini. Anza safari ukihisi ubaridi kidogo mwilini, kwa sababu ukianza ukiwa na joto kamili utatoka jasho kabla ya kilomita mbili.

Kipo kifaa ninachokiamini kuliko glavu yoyote, nacho hakiuzwi kama glavu. Ni mfuko unaofungwa kwenye usukani, ambao mkono huingia ndani yake na kukuta mshikio na breki humo humo. Mfuko huu huzuia mvua na upepo kabla havijafika mkononi, na kwa kuwa haugusi ngozi, jasho lina nafasi ya kukauka. Nenda kwa fundi anayeshona viti vya pikipiki, mpelekee baiskeli yenyewe apime, na umwombe atumie reksini au turubai nzito. Sura yake iwe kama pande la mguu wa suruali: upande wa mbele uwe mwembamba, ukifungwa kwa utepe wa tyubu kuzunguka usukani na fito ya breki, na upande wa nyuma, unaokutazama wewe, uwe mpana kiasi cha kuingiza mkono wenye glavu bila kutazama. Baiskeli ya aina yako ina mikono ya breki iliyolala chini ya usukani, kwa hiyo mfuko uachwe na nafasi ya kutosha chini ili breki isikwame kwenye kitambaa. Lijaribu hilo ukiwa umesimama, mara nyingi, kabla ya kutoka barabarani. Chini kabisa mwambie aache tundu dogo la kutoa maji. Asiweke bitana ya kushonewa moja kwa moja, kwa sababu bitana ikilowa hukaa siku mbili haijakauka, nawe una safari kila alfajiri. Na usifunge chochote kwenye kifundo cha mkono: siku utakayoanguka, mikono itoke yenyewe kabla hujafikiri. Fanya mazoezi ya kuichomoa nyumbani, watoto wakikuangalia, mpaka iwe tabia.

Ukiwa kwa fundi baiskeli, mwambie pia akuvishie mipira mipya ya mishikio na kuzungushia utepe wa tyubu kwenye mikono ya breki, ambayo ni chuma kitupu na hunyonya joto la vidole kila unapoishika. Usiweke mishikio ya sponji, kwa kuwa hunywa maji na kukurudishia kila unapokaza. Kama digadi la mbele limevunjika, lirudishe, maana sehemu ya maji yanayokupiga hutoka kwenye tairi lako mwenyewe.

Mkono wa koti la mvua una kanuni moja ndogo ambayo watu wengi huikosea. Unapoendesha, mikono yako imeinama kuelekea usukani, kwa hiyo maji ya begani hutiririka kwenye kigasha hadi kwenye kifundo. Glavu ikiwa juu ya mkono wa koti, maji hayo yote yataingia ndani yake kama kwenye faneli. Ingiza mdomo wa glavu chini ya mkono wa koti, ili maji yapite juu na kudondoka.

Ushauri wa wenzako kuhusu pombe usiufuate, na mke wako mwambie nimesema hivyo. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto usoni na mikononi, lakini joto hilo ni lile la kifuani linalotoka nje na kupotea, na muda mfupi baadaye mwili wote huwa umepoa zaidi. Sigara hufanya kinyume chake, hubana mishipa ya vidole papo hapo. Mikono ikipoa njiani, simama, zungusha kila mkono kwa nguvu kuanzia begani kama panga la feni mara ishirini au thelathini, ili damu isukumwe hadi nchani, kisha uifiche kwapani. Usiipashe kwenye ekzosi ya bodaboda wala kwenye jiko la mtu wakati haina hisia.

Lile jambo ulilolitaja kana kwamba halina uzito ndilo lililonifanya nisitishe kuandika kwa muda. Baridi hutia ganzi vidole vyote kwa pamoja, na huisha ukipata joto. Ganzi ya kidole kidogo na kinachokifuata, inayobaki hadi mchana, ina dalili ya mshipa wa fahamu unaobanwa pale unapopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo. Ni tatizo linalojulikana sana kwa waendesha baiskeli, hasa wanaobeba mizigo na kuegemea usukani mgumu kwa saa nyingi kila siku. Mishikio mipya itasaidia, na vilevile kuinua usukani kidogo ili uzito upungue mikononi, kunyoosha kifundo badala ya kukikunja, na kubadilisha mahali unaposhika kila baada ya muda. Lakini usiishie hapo. Nenda hospitali mwezi huu, umweleze daktari vidole gani hasa na saa ngapi, na uombe upimwe sukari pia, kwa kuwa kisukari nacho huharibu mishipa ya fahamu. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu huweza kudhoofisha misuli ya mkono, na hapo kukaza breki kutakuwa shida hata kiangazi. Iwapo utaona pia vidole vikibadilika rangi, vikawa vyeupe kabisa, kisha vya bluu, kisha vyekundu vinapopata joto, mwambie daktari. Hali hiyo ilielezwa na daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, mwaka 1862, na ina matibabu yake.

Kuhusu mdogo wako, kwanza mpe hongera zangu. Oulu iko kaskazini mwa Finland, kwenye latitudo ya nyuzi 65, kando ya Ghuba ya Bothnia, na ni kweli watu wa huko huendesha baiskeli majira yote. Mji huo ndio ulioandaa kongamano la kwanza la kimataifa la uendeshaji baiskeli wa majira ya baridi, mwaka 2013. Njia za baiskeli huondolewa theluji, na watu hufunga matairi yenye vijimisumari vya chuma ili yasiteleze kwenye barafu. Januari na Februari joto la nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu huko.

Atakapofika mwishoni mwa Agosti hataona theluji. Miezi ya kumwonya ni Oktoba na Novemba, wakati joto linapocheza karibu na sifuri na mvua inachanganyika na theluji inayoyeyuka. Uholanzi majira ya baridi huwa ya namna hiyo kwa sehemu kubwa, na ninaweza kumwambia bila kusita kwamba asubuhi ya nyuzi 3 yenye mvua ilinitesa kuliko asubuhi ya nyuzi 8 chini ya sifuri iliyokuwa kavu. Kwa hiyo haya ya kukaa mkavu ninayokuandikia wewe wa Igombe yanamhusu yeye wa Oulu kwa miezi hiyo miwili, pamoja na mifuko ya usukani, ambayo huko huuzwa madukani ikiwa tayari.

Baridi kavu ikishaingia, avae glavu nyembamba za sufi, na juu yake glavu kubwa zisizopitisha upepo za aina isiyotenganisha vidole, ambazo huacha kidole gumba peke yake na kuviweka vile vinne pamoja. Vidole vinavyogusana hupashana joto. Vikitenganishwa, kila kimoja hupoa peke yake. Ile nyembamba asiivue anapofungua kufuli, kwa sababu chuma katika baridi ile hunyonya joto kwa kasi, na mkono wenye unyevu unaweza kunata juu yake. Akiona sehemu ya kidole imekuwa nyeupe, ngumu kama nta, na maumivu yametoweka ghafla, ajue ngozi inaganda. Aingie ndani ya nyumba mara moja, asiisugue, asiipake theluji hata kama mtu atamwambia hivyo, aitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, na awaone watabibu wa chuo siku hiyo hiyo.

Asinunue glavu za bei kubwa hapa Mwanza kabla ya safari, kwa kuwa za kule zimetengenezwa kwa baridi ya kule na maduka ya mitumba yapo pia. Anachoweza kuchukua kutoka Mlango Mmoja ni jozi mbili za zile nyembamba za sufi, zilizopimwa kwa kiberiti. Azijaribu akiwa amekunja ngumi, na kama zinavuta kwenye vifundo vya vidole, achukue saizi inayofuata.